Sinema Ndani ya Futi Kumi kwa Kumi

Bonasi ya chai inapoingia, kwa kawaida mwezi wa Oktoba, maduka ya vifaa vya umeme mjini Kisii na Nyamira hujaa wateja. Kuna anayetaka televisheni kubwa, kuna anayetaka wufa, na siku hizi kuna wengi wanaoulizia projekta. Wengi wa hao ni wapangaji wa vyumba vya kando ya barabara ya Kisii kwenda Nyamira: walimu, wahudumu wa boda boda, wafanyakazi wa ofisi za kaunti. Hapa Sironga chumba kimoja cha kupanga huwa futi kumi kwa kumi, na ndani yake mna kitanda, meza, mtungi wa gesi, ndoo za maji na nguo zote za mwenyewe. Swali lao ni moja: chumba kama hicho kitafaa kweli kwa projekta, au ni kutupa bonasi?

Kitafaa, tena vizuri sana. Kinachowaponza watu wengi si udogo wa chumba bali ni kuanzia mwisho. Mtu hununua mashine kwanza, anafika nayo nyumbani usiku, anaiweka juu ya ndoo iliyogeuzwa, anaielekeza ukutani, na picha inatoka imepauka na kupinda. Kesho yake anatangaza kwamba projekta hazina maana. Nakuomba ugeuze mpangilio huo. Shughulikia chumba, kisha ukuta, kisha stima. Mashine iwe ya mwisho, na ukifika hapo utagundua kwamba unahitaji mashine ndogo na ya bei nafuu kuliko uliyokuwa ukiiwazia.

Anza na futi kamba. Usikisie, maana chumba kinachoitwa kumi kwa kumi hupungua kidogo kikishapigwa plasta. Tuseme umepata mita 3 kutoka ukuta wa mbele hadi wa nyuma. Ondoa sentimita 30 za mwili wa projekta na sentimita 15 nyuma yake, za kupitisha waya na hewa. Kutoka kwenye lenzi hadi ukutani kunabaki mita 2.55. Sasa kila projekta ina uwiano wake, yaani umbali wa lenzi hadi ukutani ukigawanywa kwa upana wa picha, na namba hiyo imeandikwa kwenye kijitabu cha maelezo. Nyingi za kawaida zina uwiano wa kati ya 1.2 na 1.5. Yenye 1.5 itakupa picha ya upana wa mita 1.7, ambayo ukiipima kona kwa kona ni karibu inchi 77. Yenye 1.2 itafika inchi 96.

Hapo wengi huikimbilia inchi 96. Mimi nashauri uiache. Ukikaa kitandani umeegemea ukuta wa nyuma, macho yako yako kama mita 2.4 kutoka kwenye picha. Wataalamu wa kumbi za sinema hupendelea picha ijaze pembe ya nyuzi 30 hadi 40 mbele ya mtazamaji, na kwa umbali wako hiyo ni picha ya inchi 58 hadi 79. Ukizidisha hapo, mpira ukienda wingi ya kulia inabidi ugeuze shingo, na maandishi ya chini ya filamu unayasoma kwa kufagia macho upande hadi upande. Kwa mechi ya dakika 90 utavumilia, lakini filamu ya saa mbili na nusu utaimaliza ukiwa na maumivu ya kichwa. Inchi 75 katika chumba cha futi kumi ni kipimo kizuri, na ni upana wa mita 1.66 kwa kimo cha sentimita 93. Bandika magazeti ukutani kwa kipimo hicho, ukae kitandani uyatazame kwa jioni mbili tatu. Utajua kama kimo kinakufaa, kama mlango ukifunguliwa utakata picha, na kama kabati la vyombo itabidi lihame.

Chumba cha futi nane nacho kisikuvunje moyo. Ukifanya hesabu ileile kwa uwiano wa 1.5 unapata picha ya inchi 60. Wauzaji watakuambia kwamba chumba kidogo lazima kiwe na projekta ya umbali mfupi, ile inayokaa chini ya picha, sentimita chache tu kutoka ukutani. Zipo, ni nzuri, na ni ghali. Kibaya zaidi, mwanga wake unapanda ukutani kwa mshazari mkali, kwa hiyo kila alama ya mwiko wa fundi wa plasta inatupa kivuli chake. Kwenye kitambaa kilichoning'inizwa, picha itaonyesha mawimbi. Kwa kuta za nyumba zetu za kupanga, projekta ya kawaida iliyokaa ukuta wa nyuma ina huruma zaidi.

Sasa tufike kwenye giza, na hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo chumba kidogo hushinda au kushindwa. Wazee wa Gusii wanakumbuka gari la sinema lililokuja shuleni, likasimamishwa uwanjani, kitambaa kikatundikwa na watu wakajaa hadi usiku wa manane. Utaratibu huo una historia ndefu Afrika Mashariki: kati ya 1935 na 1937 mradi wa majaribio wa filamu wenye makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, ulizungusha gari na vifaa vyake Tanganyika, Kenya, Uganda na hata nje ya hapo. Mashine za siku zile hazikuwa na nguvu za ajabu. Zilisaidiwa na usiku wa kijijini: hakuna taa ya barabarani, na mwanga unaogonga kitambaa haurudi popote, unapotelea mashambani.

Katika chumba chako mwanga hauna pa kupotelea. Unagonga ukuta wa mbele, unarukia dari nyeupe, unarukia kuta za pembeni zilizopakwa rangi ya krimu inayong'aa, kisha unairudia picha yenyewe. Pale filamu ilipotaka weusi wewe unapata kijivu. Sehemu kubwa ya Nairobi Half Life, filamu ya Tosh Gitonga ya 2012, inatendeka usiku, na ndiyo maana naipenda kwa kupimia chumba: kwenye chumba cheupe vichochoro vyote vinageuka ukungu, na kwenye chumba kilichotiwa giza unaona nyuso, koti na ukuta wa nyuma. Mashine ni ileile.

Kwa hiyo pesa ya kwanza iende kwenye kitambaa. Nenda Daraja Mbili mjini Kisii, au soko lolote la mitumba lililo karibu nawe, utafute mapazia mazito ya rangi ya kahawia, ya bluu iliyokolea au meusi. Usichukue yanayong'aa kama satini. Lenga kitu chenye manyoya mafupi kama mahameli, maana hicho humeza mwanga. Funga waya mwembamba kutoka kona hadi kona, utundike mapazia kwenye kuta mbili za pembeni, na ukiwa na kitambaa kichache anzia karibu na picha. Mita moja na nusu ya kwanza ndiyo yenye kazi kubwa. Mchana unayasukuma nyuma na chumba kinabaki chumba. Mwenye nyumba hatakuwa na la kusema, kwa kuwa rangi yake hujaigusa.

Dari watu huisahau, ilhali ndiyo inayorudisha mwanga mwingi kuliko ukuta wowote. Kama ni nyumba yako, ipake rangi nyeusi au ya kijivu iliyokolea, isiyong'aa, angalau nusu iliyo upande wa picha. Kama ni ya kupanga, pigilia kitambaa chepesi cheusi kwenye mbao. Kama hakuna dari kabisa, ni mabati tu, na ni mapya, hapo una kioo juu ya kichwa chako na kitambaa ni lazima. Kiwe mbali na balbu na mbali na tundu la projekta linalotoa hewa ya moto. Halafu kuna ule mwanya kati ya ukuta na mabati ulioachwa kwa ajili ya hewa. Mchana unaingiza mwanga mkali. Usiuzibe kwa saruji wala karatasi za plastiki, kwa sababu chumba kinahitaji kupumua. Subiri jioni tu, maana hapa kwetu jua huzama mapema saa moja kasoro mwaka mzima.

Ukuta wenyewe unaobeba picha hauhitaji skrini ya dukani. Mwambie fundi aupige putty kwenye eneo la picha, ausugue kwa msasa hadi mkono ukipita usihisi chochote, kisha rangi nyeupe ya maji isiyong'aa, mikono miwili. Ukishindwa kutia giza kuta za pembeni, chagua kijivu hafifu badala ya nyeupe. Mwangaza utapungua kidogo lakini weusi utarudi. Kuzunguka picha weka fremu ya kitambaa cheusi cha upana wa kiganja. Inaficha kingo za picha zilizopinda kidogo na inafanya jicho lione rangi zimekolea. Shuka jeupe lililobanwa kwa misumari ni hatua ya dharura tu. Mwanga hupita ndani yake na upepo wa dirishani huitikisa picha.

Chumba kikishatulia hivyo, uliza sasa ni mashine ya nguvu gani. Kumbi za sinema za kidijitali hulenga mwangaza wa kandela 48 kwa kila mita mraba ya skrini. Picha yako ya inchi 75 ina eneo la kama mita mraba 1.5. Kuifikisha kwenye kiwango hicho, juu ya ukuta mweupe usiong'aa, kunahitaji lumeni zisizozidi 250 za kweli. Kwa sababu mashine hufifia kadiri inavyozeeka, tafuta yenye 300 hadi 500. Zaidi ya hapo, katika chumba cheusi, macho yatauma.

Nimesema lumeni za kweli makusudi. Kwenye maboksi ya projekta ndogo utakuta imeandikwa lumeni 9,000, hata 12,000. Mashine inayoshikika kwa mkono mmoja, isiyopata moto na inayouzwa bei ya simu ya kawaida haiwezi kutoa mwanga huo. Tafuta neno ANSI, au namba ya kiwango ISO 21118, kando ya idadi ya lumeni. Kama havipo, idadi hiyo ichukulie kuwa mapambo ya boksi. Ni vivyo hivyo kwa ubora wa picha. Maandishi yanayosema mashine "inakubali" 4K yana maana kwamba inaweza kupokea filamu ya aina hiyo kisha ikaipunguza. Muulize muuzaji ubora asilia wa mashine yenyewe. 1920 kwa 1080 ndiyo nzuri, 1280 kwa 720 inavumilika kwa inchi 75, na chini ya hapo utahesabu vidoto badala ya kutazama. Ukinunua Luthuli Avenue kule Nairobi au mjini Kisii, omba iwashwe kwenye kona yenye giza, na uombe ukurasa wa maandishi madogo. Uso wa mtu unaweza kukudanganya, lakini herufi ndogo zisizosomeka kwenye pembe za picha zinakuonyesha lenzi mbovu papo hapo.

Kuna pia projekta za mtumba kutoka maofisi na vyuo vya Ulaya. Nyingi zina mwanga mwingi kupindukia kwa chumba chako, lumeni 3,000 na kuendelea, na feni inayovuma. Hata hivyo lenzi zake huwa safi na rangi ni za kuaminika, kwa hiyo sizikatai. Ingia kwenye menyu usome saa ambazo taa imetumika. Taa za aina hiyo huishi saa elfu chache, na kuibadilisha kunaweza kugharimu karibu bei uliyonunulia mashine. Tazama picha nyeupe tupu. Kama kuna doa la njano au la bluu lisilohama, mrudishie muuzaji mashine yake. Pia angalia kama ina tundu la HDMI. Bila hilo, dikoda yako na simu yako hazitaunganishwa kwa urahisi.

Kuiweka mahali pake kunahitaji subira kuliko nguvu. Lenzi itazame ukuta moja kwa moja, si kwa kuinama wala kwa mshazari. Menyu ya kunyoosha picha iliyopinda inavutia, lakini inafanya hivyo kwa kutupa sehemu ya vidoto ulivyovilipia, na katika mashine ya bei nafuu huna vya kutupa. Projekta nyingi za ofisini hurusha picha kwenda juu, hivyo ukingo wa chini wa picha unakuwa karibu usawa mmoja na lenzi. Ndogo nyingi hurusha katikati. Iwashe juu ya meza kwanza, uone picha yake inaangukia wapi, ndipo utoboe ukuta. Ikiwa inarusha juu, unaweza kuigeuza miguu juu kwenye rafu iliyo juu ya kitanda na kuiambia kwenye menyu iigeuze picha. Rafu iwe ya mbao nzito, imefungwa kwa skrubu na plagi za ukutani, na kwenye nyumba ya udongo ifungwe kwenye nguzo yenyewe. Kitu hicho kitakuwa juu ya kichwa cha mtu aliyelala. Sababu nyingine ya kukiweka juu ni watoto: mwanga usiwe usawa wa macho yao, maana mtoto huutazama.

Sehemu hii ya nchi ina jambo ambalo kijitabu cha maelezo hulitaja kwa mstari mmoja tu. Sironga iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo, hivyo feni iliyopangwa kwa mji wa pwani haitoshi. Projekta nyingi za kampuni kubwa zina mpangilio wa nyanda za juu kwenye menyu, na nyingi hushauri uuwashe kuanzia mita 1,500. Uwashe. Feni itazunguka kwa kasi na kelele itaongezeka, lakini taa na vioo vya ndani vitadumu. Usichanganyikiwe na baridi ya usiku wa Nyamira ukadhani mashine nayo inasikia baridi.

Baridi hiyohiyo huleta hatari ambayo sitaipita haraka. Mtu akishafunga mlango, ametundika mapazia mazito na ukungu wa kinamasi cha Sironga umeanza kupanda, hushawishika kuingiza jiko la makaa ili watazamaji wapate joto. Usifanye hivyo hata mara moja. Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, na katika chumba kidogo kilichozibwa huwalaza watu usingizi wasioamka. Vaa sweta, jifunike blanketi, acha dirisha wazi kidogo nyuma ya pazia. Moshi na masizi, hata ya koroboi, hupaka lenzi utando ambao hakuna kitambaa kinachoutoa vizuri.

Unyevu nao ni adui wa polepole. Mvua zetu hazina msimu mrefu wa kupumzika, na lenzi iliyofungiwa kwenye boksi chini ya kitanda huota kuvu. Iache juu ya rafu, ifunike kwa kitambaa safi ikishapoa, na vile vipakiti vidogo vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya usivitupe. Viweke kando yake. Kuitumia mara kwa mara ndiyo dawa, kwa sababu joto lake huikausha.

Radi ni adui wa haraka. Nyanda za Gusii ni miongoni mwa sehemu za Kenya zinazopigwa sana na radi. Upepo wenye unyevu unapanda kutoka Ziwa Viktoria, unakutana na milima, na alasiri mawingu yanajaa. Radi haihitaji kupiga nyumba yako. Ikipiga laini ya stima mbali na hapo, mshtuko unasafiri kwenye waya hadi kwenye soketi. Ukisikia ngurumo ya kwanza, chomoa plagi. Chomoa pia waya wa antena au wa dishi kwenye dikoda, maana wengi huchomoa stima wakaacha ule mwingine, na mshtuko ukaingia kupitia dikoda hadi kwenye projekta kwa njia ya HDMI. Kizima-kurejesha cha dukani, kile wanachokiita TV guard, kinafaa kununuliwa: hukata umeme ukishuka au ukipanda kupita kiasi, na husubiri dakika chache kabla ya kuurudisha. Kinakulinda dhidi ya stima inayokatika na kurudi kwa kishindo, jambo tunalolijua sana. Hakizuii radi. Kinachozuia radi ni mkono wako kuchomoa.

Stima ikikatika ghafla, projekta ya taa ya zamani huumia kwa sababu feni inasimama wakati taa ingali moto sana. Zenye LED hazina sana shida hiyo, nami kwa eneo hili nazipendekeza hasa kwa sababu hii. Pia ni nafuu kwa tokeni. LED ya wati 80 kwa filamu ya saa mbili hula uniti 0.16. Ile ya ofisini ya wati 280 hula 0.56 kwa muda uleule. Usiunganishe projekta, wufa, dikoda na pasi kwenye ekstensheni moja nyembamba iliyopita chini ya godoro. Ekstensheni ikipata moto mkononi, imeshazidiwa.

Sauti ya projekta yenyewe usiitegemee. Chukua waya wa kawaida wa sauti hadi kwenye spika, kwa kuwa bluetooth huchelewesha sauti na midomo ikaachana na maneno. Spika ziwe chini au kando ya picha ili mtu azungumzapo sauti itoke anakoonekana. Mapazia uliyotundika kwa ajili ya giza yatakuwa yameua mwangwi tayari. Wufa ndiyo inahitaji adabu: ukiiweka kwenye kona, besi hurundikana na chumba chote kinanguruma. Isogeze nusu mita kutoka konani, uipunguze, usikilize tena. Kumbuka kwamba katika ploti nyingi ukuta kati yako na jirani haufiki kwenye mabati, kwa hiyo sauti yako inapita juu na kushuka kwake bila kuzuiwa. Mwalimu wa jirani anayeamka saa kumi na moja hastahili kulala na mlipuko wa filamu yako. Na mvua ikigonga mabati kwa nguvu, usishindane nayo kwa kupandisha sauti. Washa maandishi ya chini, au simamisha filamu upike chai.

Chumba kimoja kina jambo jingine la familia. Picha ya inchi 75 haifichiki, na mtoto aliyelala kando ya kitanda anaiona akifumbua macho. Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya huweka alama kwenye filamu: GE kwa watu wote, PG kwa mtoto aliye na mzazi, kisha 16 na 18. Kwenye nyumba ya vyumba vitatu mzazi anaweza kuzipuuza alama hizo akasalimika. Kwenye futi kumi kwa kumi hawezi.

Na kama unafikiria kurudisha gharama kwa kuwatoza vijana shilingi chache siku ya mechi, jua kwamba hapo umetoka kwenye burudani ya nyumbani. Kuonyesha filamu kwa umma kunahitaji leseni ya bodi hiyohiyo chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, na mechi za kulipia zina masharti ya kampuni inayozirusha. Zaidi ya sheria, chumba chenye mlango mmoja, mapazia kila upande na waya sakafuni hakifai watu 15. Alika wanne au watano, mlango usifungwe kwa kufuli, na njia ya kutokea isizibwe na viti.

Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 limepewa Kenya, Uganda na Tanzania, na bila shaka wengi mtataka kulitazama kwa ukubwa. Bonasi ijayo ikiingia, usikimbilie duka la projekta. Nunua futi kamba, msasa, debe dogo la rangi isiyong'aa na mapazia ya mtumba, uumalize ukuta na dari, ukae humo jioni moja na taa imezimwa. Ukishajua upana wa picha yako kwa sentimita, ndipo uende dukani, na uwe na kipimo hicho kwenye karatasi.